Kamba, Fulana na Bosi Asiyekosolewa: Kweli na Uongo Kuhusu Timu za Kazini

Ikifika saa nne, chai na sambusa zikiwa zimepita, mtoa mada wa semina ya uongozi huanza kutaja kauli zake: umoja ni nguvu, tupendane, ajiri nyota, mkubwa asikosolewe mbele ya wadogo. Washiriki huandika, maana daftari wamepewa bure. Kauli hizi zina faida moja kubwa kwa meneja. Zinamwambia kwamba timu ni suala la roho za watu, hivyo ikishindwa, wa kulaumiwa ni watu wenyewe. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja unanyoosha kidole kwingine, kwenye namna kazi ilivyopangwa kabla mtu yeyote hajaigusa.

Watu wakiwa wengi, kazi huenda haraka

Si kweli, na ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye mchezo tunaoujua vizuri. Aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wakati wa michezo ya Mei Mosi au ile ya wizara iitwayo SHIMIWI amewaona watumishi wa wizara wakivuta kamba. Akitazama kwa makini atamwona yule wa katikati aliyekunja uso kwelikweli huku mikono imeishika tu kamba. Katika miaka ya 1880, Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo nchini Ufaransa, alilipima jambo hilo. Aliwavutisha watu kamba mmoja mmoja, kisha kwa makundi, akasoma nguvu zao kwenye kipimo. Watu wanane pamoja hawakutoa nguvu za watu wanane. Kila mmoja alitoa takriban nusu ya alichotoa alipokuwa peke yake. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1913.

Unaweza kusema ni kukosa mpangilio tu: huyu anavuta, yule anapumua. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Alan Ingham walilijibu hilo kwa hila. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kabisa ya kamba, akaamini kwamba wenzake walio nyuma wanavuta pamoja naye. Wenzake walikuwepo, lakini hawakuvuta. Hata hivyo mtu yule alivuta kwa nguvu pungufu. Kuamini tu kwamba wapo wengine kulitosha kumlegeza. Miaka michache baadaye kundi la Bibb Latané liliona hali hiyohiyo kwa watu waliotakiwa kupiga makofi na kelele, kisha likapata dawa yake: mshiriki akijua kwamba sauti yake binafsi inapimwa, ulegevu unatoweka.

Ofisini kuna mzigo wa ziada, nao ni mazungumzo. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Watu 15 wana jozi 105. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, maana wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wakiikimbiza kazi. Wahenga walishaona: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi kabla ya kuunda kamati ya watu 14 ili idara yoyote isinune, jiulize kila jina litaleta nini Ijumaa. Jina lisilo na jibu, liondoe. (Najua. Posho ya kikao.)

Wakipendana, watafanya kazi vizuri

Hapa ndipo fedha zinapokwenda. Ofisi za Dar es Salaam hukodi basi kwenda Bagamoyo, za Nairobi huelekea Naivasha. Fulana zinafanana, mbuzi anachomwa, mkurugenzi anacheza muziki na kila mtu anampiga picha. Jumatatu mhasibu na mtu wa manunuzi wanarudi kugombania hati ileile ya malipo, kwa sababu kule ufukweni hakuna aliyesema nani kati yao aidhinishe kwanza.

Mwaka 2009 Cameron Klein na wenzake walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu shughuli za kujenga timu, wakazitenganisha kwa aina: zinazolenga mahusiano, zinazolenga kutatua matatizo, zinazolenga malengo ya pamoja, na zinazolenga kueleza nani anafanya nini. Zote zilikuwa na faida fulani. Zilizotia fora ni mbili za mwisho, malengo na mgawanyo wa kazi, yaani zile ambazo hakuna anayezipigia picha.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Richard Hackman wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza timu, alipofika kwenye okestra za kitaalamu aliona kwamba zile zenye wanamuziki wanung'unikaji zilipiga vizuri kidogo kuliko zile zenye furaha. Kwa maoni yake tumeligeuza jambo kichwa chini miguu juu: watu hufurahiana wakishafanya kazi nzuri pamoja, na furaha iliyoletwa mapema haizai kazi hiyo. Siwapingi wanaokwenda Bagamoyo. Samaki wa kule ni wazuri. Ila asubuhi ya safari, kabla ya kamba na fulana, kaeni saa mbili mwandike nani anaamua nini.

Timu bora ni ile isiyo na makosa

Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, wakati huo akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano ziwe na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi hizo ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Baada ya kufuatilia aliona sababu. Wauguzi wa wodi nzuri hawakukosea zaidi, walisema zaidi. Kwenye wodi za wakali, kosa lilizikwa na zamu iliyolifanya.

Kwa hiyo si kweli, na ni uongo wa hatari. Meneja anayejigamba kwamba idara yake haijaleta tatizo hata moja mwaka mzima anastahili ukaguzi kabla ya kupewa cheti.

Kumkosoa bosi mbele ya wengine ni utovu wa adabu

Nusu kweli, nayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa wasomaji wa lugha hii, maana kwetu adabu haikuwahi kuwa pambo. Mtu aliyelelewa kumwamkia shikamoo kila anayemzidi umri hataambiwa na mtoa mada kwamba kuanzia leo amwite mkurugenzi kwa jina tupu na kumpinga kikaoni. Atatabasamu, ataandika, hatafanya. Lakini kimya kina gharama, na waliolazimika kuihesabu kuliko wengine ni watu wa ndege.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife uliofunikwa na ukungu, ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke wakati ile ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia hiyohiyo. Mhandisi aliyekuwa ndani ya KLM aliuliza kama wenzao wamekwisha kutoka. Rubani mkuu, mkufunzi mwenye jina kubwa katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba wametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi. Miaka miwili baadaye NASA iliitisha warsha kuhusu uhusiano wa watu ndani ya chumba cha marubani, na mwaka 1981 shirika la United likaanza kuwafundisha marubani wake jambo jipya: mdogo aseme vipi, na mkubwa asikilize vipi.

Karibu nasi zaidi kuna Douala. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikirudi Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, watu wote 114 wakafa. Ripoti ya wachunguzi wa Kamerun ilisema marubani walipoteza mwelekeo gizani bila kutazama mitambo yao, na miongoni mwa mambo yaliyochangia ikataja ukosefu wa uratibu kati ya wawili hao. Mmoja alikuwa na miaka 52, mwingine 23. Sitadai kwamba umri ndio ulioua. Lakini msomaji anajua pengo la namna hiyo lina uzito gani mazungumzoni.

Sasa tazama kilichofanyika Ifakara. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali 8 katika miji 8 duniani, London na Seattle ikiwa miongoni mwa miji hiyo, zilijaribu orodha ya ukaguzi ya upasuaji iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani chini ya daktari Atul Gawande. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha ina vipengele 19, na kimoja kinaonekana kama cha chekechea: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Jina la mgonjwa litajwe, mahali pa kupasuliwa patajwe, muuguzi athibitishe kwamba vifaa vimetakaswa. Matokeo ya hospitali zote kwa pamoja yalitoka Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 ya wagonjwa, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ujanja wa orodha hiyo ni kwamba haimwombi muuguzi awe jasiri. Inampa zamu ya kusema, na zamu hiyo imeandikwa na wakubwa wenyewe, hivyo akisema anatii. Adabu imebaki mahali pake na mgonjwa amepona. Kikao cha Jumatatu kinaweza kupangwa hivyohivyo: mdogo kuliko wote aanze, bosi awe wa mwisho, na kila mpango uwe na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kutaja unapoweza kuvunjikia. “Mzee, kwa nafasi niliyopewa leo, naona tarehe hii haitafikiwa” ni maneno ambayo binti wa miaka 24 anaweza kuyatamka bila kutetemeka.

Ila karatasi peke yake haina miujiza. Jimbo la Ontario, Kanada, lilizitaka hospitali zake zote zitumie orodha hiyo, nazo zikaandika kwamba zinaitumia karibu kila mara. Uchambuzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana. Tiki ni rahisi kutia. Bosi akishaonyesha kwa jicho tu kwamba zamu ya mdogo ni mchezo, mdogo ataitumia zamu yake kusema kwamba yote yako sawa.

Ajiri nyota, mengine yatajipa

Boris Groysberg wa Harvard aliwafuatilia wachambuzi wa hisa 1,052 wa Wall Street waliohesabiwa kuwa nyota kati ya 1988 na 1996. Kati ya waliohamia kampuni nyingine, karibu nusu walishuka mwaka uliofuata, ingawa akili ilikuwa ileile na mshahara umenona. Walioteleza kidogo ni wale waliohama pamoja na wenzao. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kipaji cha mtu mmoja ilikuwa kwenye kabati la mafaili, kwa msaidizi anayejua mteja gani apigiwe saa ngapi, na kwa mwenzake wa meza ya pili aliyekuwa akimsahihisha kimyakimya. Kampuni mpya ilimnunua mtu, ikaviacha hivyo vyote.

Nyota anafaa, lakini lazima kazi ya wanaomzunguka iwe imechorwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Wakenya tulilala tukiimba jina lake, na tulikuwa na haki. Lakini mle barabarani walikuwemo wanariadha 41 wa kumvuta, wakipokezana kwa vikundi vya watu saba, watano mbele kwa umbo la V na wawili nyuma, wakifuata mistari ya mwanga iliyotupwa chini na gari lililotangulia. Bernard Lagat, mwenye medali mbili za Olimpiki kabatini, alikuwa miongoni mwao, kazi yake siku hiyo ikiwa kuzuia upepo. Mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, moja ya sababu ikiwa ni kupokezana kwenyewe. Msaada wa timu ulikuwa mkubwa mno kwa kanuni za riadha. Na kambini Kaptagat, bingwa huyohuyo alikuwa kwenye zamu ya kusafisha vyoo kama wenzake. Ofisi nyingi zinazotafuta nyota zingemwondoa kwenye zamu hiyo kwanza, kisha zikashangaa mbona wengine wamelegea.

Timu iliyokaa pamoja huishinda timu mpya

Kweli. Hii nimejaribu kuitilia shaka nikashindwa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipitia ajali kubwa 37 zilizohusishwa na marubani kati ya 1978 na 1990. Pale ambapo taarifa zilipatikana, asilimia 73 zilitokea siku ya kwanza ya marubani hao kuruka pamoja, na asilimia 44 katika safari yao ya kwanza kabisa. Jaribio la NASA la miaka ya 1980 lilikwenda mbali zaidi: marubani waliochoka lakini waliokwisha kuruka pamoja walifanya makosa machache kuliko waliopumzika vizuri wasiojuana.

Ukiyajua hayo, ile panga pangua ya kila baada ya miezi sita, inayofanywa ili “watu wasizoeane”, inaonekana kwa sura nyingine. Ina mantiki yake pale penye mlango wa rushwa, kwenye mizani, bandarini au kwenye dawati la vibali, na hapo sibishi. Lakini kumhamisha mwalimu, muuguzi au mhandisi aliyekwisha kujuana na wenzake, kwa sababu tu amekaa sana, ni kununua siku ya kwanza upya kila mara. Hackman aliacha mlango mmoja wazi: timu za utafiti na ubunifu huhitaji damu mpya, naye akataja kasi ya mtu mmoja kila miaka mitatu au minne. Mmoja, kwa miaka mitatu.

Lazima wagombane kwanza ndipo waelewane

Imetoka kwa Bruce Tuckman, aliyeandika mwaka 1965 kwamba makundi hupita kwenye kukutana, kuvurugana, kukubaliana, kisha kutenda. Alisoma makala 50, na nyingi zilihusu makundi ya matibabu ya kisaikolojia, ambako hakuna ripoti ya kukabidhi wala mteja anayepiga simu. Connie Gersick alipozichunguza timu 8 zenye kazi na tarehe ya mwisho, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988, hakuona ngazi hizo. Aliona kila timu ikishika njia fulani tangu kikao cha kwanza, ikang'ang'ana nayo, kisha katikati kabisa ya muda iliopewa ikashtuka na kubadili mwendo. Mradi wa wiki mbili ulishtuka mwishoni mwa wiki ya kwanza. Kiongozi asiyesubiri ugomvi basi ana nyakati mbili za kuzitunza: siku ya kwanza, na siku ya katikati. Zitie kwenye kalenda.

Bongo nyingi mezani huzaa mawazo mengi

Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa New York, ndiye aliyeieneza imani hiyo miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1958 watafiti wa Yale waliipima: watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakaunganishwa baadaye, walitoa takriban mara mbili ya wanne waliokaa meza moja. Wakati mmoja anasema, watatu wanasubiri, na wanaposubiri wanasahau. Wape watu dakika kumi za kuandika kimya, ndipo mkae. Hata mwenye haya atakuwa na karatasi ya kusoma.

Mrejesho humjenga mtu

Inategemea, kuliko wanavyokiri wanaouza mafunzo yake. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo 607 ya tafiti kuhusu mrejesho. Kwa wastani ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaoielekeza akili kwenye kazi hujenga, na unaoielekeza kwenye nafsi, hata ukiwa wa sifa, humwacha mtu akijitetea au akijipongeza badala ya kufanya.

Utumishi wa umma wa Tanzania unaijua habari hii kwa vitendo. Mwaka 2004 ulianzishwa OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji uliokuja kuchukua nafasi ya zile taarifa za siri za mwaka, ambazo mtumishi hakujua bosi ameandika nini juu yake. Nia ilikuwa njema, kwani mkuu na msaidizi walitakiwa kukubaliana malengo na kuketi tena katikati ya mwaka. Lakini pengi fomu ilijazwa mara moja, Juni ikikaribia, malengo na matokeo kwa kalamu moja na mchana mmoja. Mfumo wa kidijitali wa PEPMIS umekuja baadaye, na ndani yake kazi huingizwa mara kwa mara. Kompyuta inaweza kumlazimisha msimamizi abonyeze. Haiwezi kumchagulia la kusema.

Na la kusema ndilo lenye kazi. “Wewe huwa huko makini” ni sentensi kuhusu mtu. Aliyeambiwa hivyo atatumia mchana wake wote kukumbuka mara alizokuwa makini. “Jedwali la tatu halina jumla ya Septemba, umelikokotoa vipi?” ni sentensi kuhusu kazi, na ina mlango wa kutokea. Ikisemwa wiki ileile, jedwali likiwa wazi mezani na wawili hao wameketi upande mmoja, hesabu ya Oktoba inaweza kutoka sahihi. Ikingoja fomu ya Juni, Septemba itakuwa imekwisha kukaguliwa na watu wa nje.